Masanduku ya Profesa Shauki

Ndugu zangu wa Kom Nada, na nyinyi wengine mtakaofikiwa na maneno haya, nisikilizeni. Najua wapo watakaosema, "Habari za utafiti zinatuhusu nini sisi? Waachieni wenye miwani yao." Ala! Siku mtoto wako atakaposhindwa kusoma jina la mtaa anaoishi, hapo hutauliza tena. Nawasimulieni ya nyumba moja, wala si nyumba ya walevi au wacheza kamari. Ni nyumba ya wasomi, watu wa sala tano, ukuta mzima wa sebule vitabu vitupu.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, wiki tatu kabla ya Sikukuu ya Kunusa Upepo. Redio ilikuwa ikisoma Kurani kwa sauti ya chini. Inshirah alikuwa ameandaa maharage ya ful yenye mafuta na bizari, biringani za siki, mikate ya moto na chai ya mnanaa. Mumewe, Profesa Shauki, alikuwa akimmenyea yai mjukuu wao Basant, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa darasa la tano. Mama yake Basant, binti yao Nermin, alikuwa zamu hospitalini. Babu na mjukuu walikuwa wakitaniana.

"Kula yai, akili ikue kama ya babu."

"Ikikua kama yako nitatoka kipara, babu."

Wakacheka wote watatu. Nyumba ilikuwa na raha siku hiyo, Mungu ni shahidi.

Mara mlango ukabishwa. Aliyeingia ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwenye mkoba mzito begani. Alijitaja kuwa Bahiga, mhadhiri wa elimu katika chuo cha mji wa jirani. Inshirah akamkaribisha kama desturi yetu ilivyo, akamwekea mkate mbele yake kabla hajauliza shida yake.

"Profesa," alianza Bahiga, "nimepita katika shule za mkoa huu. Nimewakuta watoto wa darasa la nne hawawezi kusoma sentensi moja. Nimekuja kwa heshima kukuomba karatasi za majaribio yako ya Njia ya Macho, yale majibu yenyewe ya watoto, ili na mimi niyahesabu."

Profesa akaweka yai chini. "Uyahesabu? Mimi sijui kuhesabu?"

"Unajua, mwalimu wangu. Lakini macho manne ni bora kuliko mawili."

"Binti, aliyekufundisha wewe nilimfundisha mimi. Ripoti imetoka, wakubwa wameisoma, mkoa mzima unaifuata. Ukialikwa chakula, unakula ukashukuru. Huendi jikoni kwa watu kufunua masufuria!"

"Naam, Profesa," akasema Bahiga polepole. "Lakini nikiona wageni wote wameshika matumbo, nitakwenda."

Lo! Uso wa Profesa ulibadilika. Inshirah akajitia kuongeza chai ili apate cha kufanya. Bahiga alimega mkate kipande kimoja tu kwa adabu, akaaga, akateremka ngazi. Hata mlango haujafungika vizuri, Profesa alikuwa amekwisha kumwita mpumbavu asiye na malezi. Inshirah akaitikia, "Vijana wa siku hizi, bwana." Alisema hivyo, ila moyoni palikuwa na kitu kinamchoma, kwa kuwa zile karatasi alizotajiwa zilikuwa zimebeba aibu yake mwenyewe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mwielewe aibu hiyo.

Inshirah alifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita. Watu wote walimwita Abla, kama tunavyowaita walimu wetu wa kike. Watoto waliingia kwake hawajui kushika kalamu, wakatoka wanasoma mabango ya maduka. Njia yake ilikuwa ile ya wazee wetu, alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhumma u, darasa zima likiimba mpaka muuza nyanya wa barabarani anaitikia. Kisha mumewe akabuni Njia ya Macho. Hapo mtoto hafundishwi herufi kabisa mpaka darasa la sita. Huoneshwa picha ya samaki na neno lake chini, akalitazama neno zima mpaka likae machoni. Profesa aliamini kweli kwamba amewagundulia watoto wa Misri njia ya mkato. Sisemi alianza kwa ubaya. Akachagua shule kumi na nane kuijaribu mwaka mzima, na ya mkewe ikawa mojawapo.

Abla aliifuata njia ile kwa uaminifu, hatua kwa hatua. Lakini mwisho wa mwaka, siku moja darasani, alifanya jambo dogo tu: aliweka kidole gumba juu ya picha ya samaki, akauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Watoto wakamkodolea macho. Mmoja akasema mlango. Mwingine akasema ndizi. Akajaribu neno la pili, la tatu, mambo yale yale. Basi alipowafanyisha mtihani, chini ya kila karatasi akaandika ukweli wake: "Husoma akiona picha. Picha ikifichwa, hajui."

Wiki mbili baadaye mumewe alimketisha kitandani, akamshika mkono.

"Mama Nermin, nimesahihisha shule zote. Kumi na saba zimefaulu vizuri sana. Iliyofeli ni moja tu, darasa lako."

"Langu peke yake?"

"Peke yake. Mkono wako umezoea ya kale, si kosa lako. Nitaitoa shule yako kwenye ripoti kimyakimya nisikuaibishe. Nawe usilitaje jambo hili kwa walimu wenzako, watakucheka."

Naye, masikini, akamshukuru! Alilia, akambusu mkono, akamshukuru. Mwezi uliofuata alimwomba mwalimu mkuu amtoe darasani, akapewa funguo za stoo ya vitabu, akakaa humo mpaka alipostaafu. Akiwaona sokoni akina mama wa watoto wale, alivuka upande wa pili wa barabara. Ripoti ya mumewe ilipochapishwa na mkoa ukaichukua kwa shule zote, aliipanga rafuni bila kuifungua, kwa maana nani hupenda kusoma kitabu cha fedheha yake? Na Basant alipoanza shule, Profesa alimwambia mkewe, "Huyu usimguse na alifu zako. Mwachie walimu wanaojua." Akamwacha. Miaka mitano alikuwa akimsikia mtoto "akisoma" masomo aliyokwisha kuyakariri kwa masikio, na akanyamaza.

Haya, turudi kwenye hadithi. Siku nne baada ya Bahiga kuondoka, Profesa aliingia chumba cha nyuma yalimokuwa masanduku kumi na manane ya karatasi, kila moja na jina la shule yake, yamefungwa kwa gundi na kamba. Kwa miaka saba Inshirah alikuwa akiyafuta vumbi tu.

"Mama Nermin, haya makaratasi yanatuletea mende. Sikukuu inakaribia, safisha nyumba. Mwite mtu wa vikorokoro."

"Na yule binti akirudi kuyaomba?"

"Akirudi atakuta chumba safi."

Mnunuzi wa vikorokoro alikuwa chini na mkokoteni wake wa punda, akinadi "Robabikyaaa!" mtaa mzima. Inshirah mwenyewe ndiye aliyemwita kutoka roshani. Mwenyewe ndiye aliyeyatia masanduku kwenye kikapu na kuyateremsha kwa kamba, moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa lenye jina la shule yake, na alipoliachia alihisi kama mzigo wa miaka saba umemtoka kifuani. Mtu yule, badala ya malipo, akamtumia ndani ya kikapu mabeseni mawili ya plastiki, moja la buluu na moja jekundu. Inshirah akafurahi. La buluu akaanza kulifulia siku hiyo hiyo.

Enyi mnaonisikia, mtu akikwambia choma, tupa, uza karatasi za kazi yangu, muulize mara mbili kwa nini.

Sikukuu ya Kunusa Upepo ikafika. Mnaijua siku hiyo, Muislamu na Mkristo, wote tuko ukingoni mwa Nile na mikeka yetu, samaki wa chumvi wananuka, vitunguu vya majani, mayai ya rangi. Nermin alikuwa zamu tena, na Profesa alisema kichwa kinamuuma. Inshirah akamchukua Basant, wakatandika mkeka mahali penye kivuli. Mtoto akaomba termes, zile punje za njano za kulowekwa zinazomenywa kwa meno. Wakaenda kwa Hajati Faukia, ambaye hakuna asiyemjua, mwenye mdomo kama cherehani.

"Abla wangu! Njoo, njoo! Huyu ndiye mjukuu? Mashallah, amechukua uzuri wa bibi yake, ya babu ashukuriwe Mungu kayaacha!" Akakunja karatasi kuwa koni, akaijaza punje, akanyunyiza bizari na ndimu.

Basant alikula hadi akamaliza, akampa bibi yake karatasi tupu amtupie. Inshirah alikuwa karibu kuifinyanga. Akaona muhuri. Ulikuwa muhuri wa mumewe, ule wa utafiti wa Njia ya Macho.

Akaikunjua juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja. Jina la shule: Nazlet Riha, ng'ambo ya mto. Jina la mtoto: Wagdi. Maneno kumi ya kusoma bila picha, alama sifuri. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mwalimu asiyemfahamu, palikuwa pameandikwa: "Bila picha hawezi neno hata moja. Na wenzake ni hivyo hivyo." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko anaoujua kuliko wake mwenyewe, neno moja: "Iondolewe."

Akainuka ghafla. "Bibi, una nini?" Basant akauliza. Alirudi mbio kwa Hajati Faukia.

"Hajati, karatasi hizi unazo nyingi?"

"Nilizipata gunia zima kwa mtu wa vikorokoro, karatasi nzuri, ngumu, hazipitishi maji. Lakini leo sikukuu, mama! Tazama watu walivyo. Zimebaki hizi tu."

Zilikuwa sita. Inshirah akazichukua zote, na hapo ndipo alipoinua macho akaona ukingo wote wa mto, mamia ya watu, kila mtu na koni yake mkononi. Wengine walikuwa wakifutia vidole vya samaki. Wengine wakizifinyanga na kuzitupa majini.

Wallahi, nilikuwepo siku ile, nilimwona kwa macho yangu. Mwanamke wa miaka sitini na moja, mwalimu wa nusu ya mji huu, anakimbia mkeka hadi mkeka: "Samahani mwanangu, nipe karatasi yako. Samahani baba, umemaliza? Nipe karatasi." Watu wakadhani jua limempiga kichwani. Kijana mmoja akamwaga punje zake mkekani akampa, huku akicheka, "Abla, bado unakusanya madaftari?" Basant alimfuata nyuma analia kwa haya. Aliingia mtoni hadi magotini kuokota zilizokuwa zikielea, na wino ulikuwa umekwisha kuondoka. Zilizosomeka zikawa kumi na tatu. Zilitoka shule tano mbalimbali, zote zikisema mtoto hawezi bila picha, na hakuna hata moja iliyokuwa ya darasa lake.

Alikaa kwenye mkeka, nguo zimeloa, akazipanga mbele yake. Shule tano! Kumbe hakuwa peke yake. Miaka saba ya kuvuka barabara, miaka saba ya stoo, na kumbe hakuwa peke yake. Mtu angedhani atafurahi. Aliinama akalia kilio ambacho Basant hakuwahi kukisikia kwake.

Alipofika nyumbani alasiri hiyo, kitu cha kwanza aliishusha ripoti kutoka rafuni, akaifungua kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa tatu: "Njia hii imejaribiwa katika shule kumi na moja." Akaiweka mezani mbele ya mumewe pamoja na zile karatasi zenye madoa ya chumvi.

"Baba Nermin, masanduku yalikuwa mangapi?"

Profesa akazitazama karatasi. "Umezipata wapi?"

"Watu wameshazilia termes. Nimekuuliza, masanduku yalikuwa mangapi?"

"Kumi na manane."

"Na hapa umeandika kumi na moja. Saba zilikwenda wapi?"

"Zile shule za ng'ambo hazikufuata maelekezo, Mama Nermin. Wewe huelewi mambo ya utafiti. Shule isiyofuata maelekezo huondolewa, ni kawaida."

"Sawa, mimi sielewi. Basi nieleweshe moja tu. Uliamua lini kuwa hazikufuata? Kabla ya kusahihisha majibu, au baada ya kuyaona?"

Profesa akaifunga ripoti.

"Nilikuwa na hakika na njia yangu," akasema. "Nilifikiri zile saba zimekosea, si njia. Kila mtu hufanya hivyo, hupanga mazuri mbele."

"Na mimi? Mimi niliyefuata kila herufi ya maelekezo yako? Ulinishika mkono ukaniambia nimefeli peke yangu."

"Niliogopa ungezungumza na walimu wengine," akasema kwa sauti ndogo. "Mngelinganisha."

Inshirah hakumpigia kelele. Alikwenda chumbani, akarudi na Basant akiwa na kitabu chake cha darasa la tano. Akakifungua penye picha ya mkulima na ng'ombe, akaweka kidole gumba juu ya picha, kama alivyofanya miaka saba iliyopita.

"Msomee babu mstari huu, mwanangu."

Mtoto alitabasamu kidogo, akautazama mstari, akamtazama bibi. "Toa kidole, bibi."

"Soma hivyo hivyo."

"Mwalimu hafichi." Macho yakaanza kumjaa machozi. "Huu... hatujasomewa bado. Usimfanye babu anicheke."

Profesa akaondoka mezani. Alisimama roshani, mgongo kwao, mabega yakitikisika. Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine humuumbua kwa kidole gumba cha mkewe.

Nitamtendea haki: alijaribu. Asubuhi iliyofuata alivaa suti yake ya mihadhara, akaenda na mkewe kwa mkuu aliyesimamia mitaala ya mkoa, Ustadhi Galal. Akamweleza yote bila kuficha. Galal alisikiliza, akazungusha rozari yake, akasema:

"Profesa, vitabu vya mwaka ujao vimekwisha kuchapishwa. Walimu elfu nne tumewafunza upya. Nikawaambie nini, kwamba ulikosea? Nipe karatasi za zile shule saba nizipeleke kwa wakubwa."

"Sina. Nimebaki na hizi kumi na tatu."

Galal akaishika moja kwa ncha za vidole. "Hizi zinanuka bizari, bwana. Mtu yeyote atasema umeziandika jana. Nenda kapumzike, umri nao una mambo yake."

"Galal, miaka sita iliyopita nilipokuletea ripoti, hukuniomba karatasi hata moja!"

"Wakati ule ulileta habari njema," akajibu Galal, akagonga kengele aletewe kahawa.

Wakampelekea habari Bahiga. Alikuja siku hiyo hiyo, akapanda ngazi mbili mbili. Alipoambiwa masanduku yamekwenda kwa mnunuzi wa vikorokoro alijishika kichwa. Akazisoma zile karatasi moja moja, kisha akazirudisha mezani taratibu.

"Mwanangu, zitafaa?" Inshirah akamuuliza.

"Abla, sijui hizi kumi na tatu zimetoka kati ya ngapi. Pengine waliofaulu ndio waliotupwa mtoni. Nikisimama nikasema njia imefeli kwa sababu ya karatasi nilizookotewa, nitakuwa nafanya yale yale..." Akamtazama Profesa. Profesa akainamisha kichwa. "Itabidi tuanze upya," akaendelea Bahiga, "shule mpya, vibali vipya. Miaka minne, mitano."

"Miaka mitano," Inshirah akarudia. Alikuwa akimhesabu Basant, na nyuma ya Basant darasa baada ya darasa, wa mwaka huu na wa mwaka ujao.

Abla alirudi kwenye kazi yake ya zamani, kwa mwanafunzi mmoja tu. Alinunua kitabu cha alifu, akaketi na mjukuu wake. Ilishindikana. Basant alikuwa msichana mkubwa sasa. Rafiki zake walikuja wakamkuta anaimba alifu fataha kama mtoto wa chekechea, na kesho yake darasa zima likamwimbia. Alikitupa kitabu chini ya kitanda. Baada ya hapo tumbo likawa linamuuma kila asubuhi ya shule. Mwezi uliofuata akakataa kwenda kabisa, na Nermin, akiwa amechoka kwa zamu, alimpiga, kisha wakalia pamoja. Abla anasema atajaribu tena. Amejaribu mara tatu.

Profesa naye aliacha kwenda chuoni, akaacha kumenya mayai. Kumkabili mtoto hakuweza. Asubuhi moja alikaa mezani saa nzima akiandika, akaiacha bahasha mlangoni pa chumba cha Basant, akavaa viatu akatoka.

Inshirah alikuwa akifua katika beseni la buluu alipomwona Basant amekaa kwenye kizingiti, barua mkononi. Alikuwa akiigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Bibi, babu ameniwekea hii. Nimetafuta, hakuna picha."

Inshirah akafuta mikono kwenye nguo yake, akaketi karibu naye, akaisoma. Ilikuwa fupi. "Mjukuu wangu Basant, nisamehe. Kutoweza kusoma si kosa lako. Ni kosa langu, nililijua, na nikalificha."

Mtoto akaichukua barua, akaikunja. Halafu akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu. Darasani nilikuwa nawatazama wenzangu, nikadhani wote wanajua, ila mimi peke yangu ndiye mjinga."

Inshirah alimkumbatia, kwa kuwa maneno yale aliyajua, alikuwa ameyabeba miaka saba.

FUNZO

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtafiti anayeficha matokeo mabaya hazai elimu, huzaa jina lake tu, na jina halimfundishi mtoto kusoma. Enyi mnaotafiti shule zetu, kabla hamjaingia darasani andikeni hadharani mnataka kujua nini, kwa shule ngapi, na ni shule ipi mtaiondoa na kwa sababu gani, ili msije mkabuni sababu baada ya kuona alama. Mkimaliza, toeni yote, lililofaulu na lililofeli. Fichieni watoto majina yao, lakini karatasi ziwekeni mahali ambapo Bahiga yeyote anaweza kuzifikia na kuzihesabu upya. Akikukuta na kosa amekuokoa, hajakutukana.

Nanyi mlio kwenye viti vya Ustadhi Galal, ombeni karatasi hata siku habari ni njema. Siku hiyo hasa! Usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wa madarasa elfu usiutandike kwa neno la mtu mmoja, hata awe profesa wa maprofesa.

Na walimu wenzangu wa Kom Nada, ukiambiwa umefeli peke yako, usivuke barabara. Mwulize mwenzako wa shule ya pili, na wa ng'ambo ya mto. Kisha leo hii, kabla ya chakula, mketishe mtoto wako na kitabu chake, uweke kidole gumba juu ya picha, umsikilize.